Fyekeo la trekta lichaguliwe na pori, si na macho

Kila mwaka ifikapo Agosti 8, Siku ya Wakulima, viwanja vya maonyesho ya Nanenane hujaa watu, tangu Nzuguni mjini Dodoma hadi Themi mjini Arusha. Miongoni mwao wamo walimu na watumishi wa Serikali wasiohesabika. Wengi wanavyo vishamba vyao: ekari 8 Mkuranga, ekari 12 Handeni, ekari 20 Kilosa. Vishamba hivyo vilinunuliwa kwa kuubana mshahara mwezi baada ya mwezi, na vinatazamiwa kuwa tegemeo siku ile ambayo barua ya kustaafu itafika mezani. Lakini kishamba cha mtu anayeshinda ofisini au darasani kina adui mmoja asiyepumzika, na adui huyo ni pori. Misimu miwili tu ya mvua ikipita bila ya mtu kushika panga, mikorosho haionekani, mpaka wa shamba haujulikani, na nyoka ndiye anayekuwa mwenyeji.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mtumishi wa aina hiyo, apitapo katika maonyesho, husimama kwa muda mrefu mbele ya fyekeo la trekta, yaani ile mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa kwa nguvu za injini yake. Huitazama rangi inayong'aa, huuliza bei, husikiliza sifa zinazomiminwa na muuzaji. Maswali huwa mengi: imetengenezwa nchi gani, italipwa kwa awamu ngapi, itafikishwa mpaka shambani? Swali ambalo aghalabu halisikiki ni lile lililostahili kuyatangulia yote: mashine hii itafyeka nini?

Laonekana swali dogo. Lakini ndani yake ndimo ilimo tofauti baina ya chombo kitakachomtumikia mwenye shamba kwa miaka 15 na chuma kitakachoota kutu chini ya mwembe, kikiwa kimekwisha kumeza kiinua mgongo cha maisha mazima ya kazi. Ukweli wenyewe ni huu: fyekeo huchaguliwa na pori lenyewe, na trekta litakalolivuta, na fundi aliye karibu, na watu wanaoishi kando ya shamba. Macho ya mnunuzi na fahari ya kutazamwa na majirani havistahili kupewa kura katika uchaguzi huo.

FUNZO LA KONGWA

Funzo hilo limekwisha kutolewa katika ardhi ya nchi hii, tena kwa gharama ya kutisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Serikali ya Uingereza ilibuni mpango wa kulima karanga Tanganyika ili wananchi wake wapate mafuta ya kula. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliyokuwa mabaki ya vita yalikusanywa kutoka pande mbalimbali za dunia. Hata vifaru vya kijeshi vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Kwenye makaratasi ya wataalamu kule London pori lilikuwa limekwisha kushindwa.

Kongwa kwenyewe mambo yalikuwa mengine. Vichaka vilikuwa vimesokotana, mibuyu ilikuwa imejaa, mizizi ilisambaa chini, na udongo wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji. Matrekta chakavu yaliharibika moja baada ya jingine, vipuri havikupatikana kwa wakati, na mafundi walikuwa wachache. Katika mwaka wa kwanza zilitarajiwa ekari 150,000. Zile zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwezi Januari 1951 mpango uliachwa, na pauni za Kiingereza zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Zimetajwa sababu nyingi za anguko lile: uhaba wa mvua, haraka ya wakubwa, na kule kutoupa uzito ujuzi wa Wagogo, ambao waliifahamu nchi yao vizuri kuliko mgeni yeyote. Lakini kwa mnunuzi wa leo sababu moja yatosha. Mashine zilitafutwa kwanza, pori likapimwa baadaye. Mwalimu anayenunua fyekeo moja kwa ajili ya ekari 12 na serikali iliyonunua mamia ya matrekta kwa ajili ya ekari milioni 3 hawalingani kwa ukubwa wa mfuko. Kosa lao laweza kuwa moja, na tena mwalimu ana hasara zaidi, kwa maana hana hazina ya taifa ya kumfutia deni.

PORI LIPIMWE KWANZA

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtaalamu. Mwenye shamba avae viatu vigumu, ashike panga na futi ya kamba, alizunguke shamba lake lote kabla ya kwenda dukani. Aandike alichokiona. Je, kinachomsumbua ni nyasi, au ni vichaka, au ni miti michanga? Mashina mengi yana unene gani? Mawe yako wapi, visiki viko wapi, vichuguu ni vingapi, na mteremko ni mkali kiasi gani?

Unene wa shina ndio unaogawa mafyekeo katika madaraja. Fyekeo jepesi hutengenezwa kwa ajili ya nyasi na vichaka vyenye mashina yasiyozidi sentimeta 2.5, yaani unene wa kidole gumba cha mtu mzima. La kati hukata mashina ya sentimeta 5 hivi, unene unaozidi kidogo ule wa mpini wa jembe. Lile zito hukata sentimeta 7 hadi 10. Kadiri daraja linavyopanda, bati huwa nene zaidi, giaboksi huwa kubwa zaidi, uzito huongezeka mpaka kufikia nusu tani na zaidi, na bei hupanda pamoja navyo.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mwenye shamba huliangalia pori lililoachwa kwa miaka 6, huona mashina manene kama mkono, kisha huamua kununua fyekeo zito kuliko yote. Anasahau kwamba pori hilo litafyekwa mara moja tu likiwa katika hali hiyo. Kuanzia mwaka wa pili, kama kazi itafanywa kwa wakati, kutakuwa na nyasi na machipukizi membamba. Amenunua mashine ya miaka 15 kwa ajili ya kazi ya wiki moja, na katika miaka 14 inayobaki atakuwa akichoma mafuta ya ziada ili kuburuta chuma asichokihitaji.

Zaidi ya hayo, yafaa ieleweke kwamba fyekeo hukata, haling'oi. Miti mingi ya miombo ikikatwa huchipua upya kutoka kwenye kisiki. Mkulajembe, kile kichaka cha miiba kinachofahamika kwa wafugaji na wakulima wengi, ukikatwa juu hutoa machipukizi mapya kutoka mizizini, na miiba yake hutoboa matairi ya trekta. Mtu akipitisha mashine juu ya kichaka cha namna hiyo mara moja na kuondoka, asishangae akirudi baada ya mvua na kukuta vichaka vitano pale palipokuwa na kimoja.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya kufungua shamba ni ya shoka, panga na sururu. Vijana wa kijijini waajiriwe kwa malipo ya haki wakate mashina makubwa na kung'oa visiki, mawe yakusanywe kandokando, vichuguu vilivyo njiani visawazishwe. Baada ya hapo ndipo fyekeo la kiasi linapoingia na kulitunza shamba mwaka hadi mwaka. Utaratibu huu huwapa vibarua kazi, huyanusuru magurudumu, na mara nyingi humwezesha mnunuzi kushuka daraja moja zima la bei.

Katika kupima huko lisisahauliwe pori lisilopaswa kuguswa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Fyekeo la trekta lina haraka kuliko busara ya dereva wake. Saa moja yatosha kuufanya ukingo wa mto kuwa mweupe, na mvua moja yatosha kuuporomosha. Mipaka hiyo na iwekewe alama kabla trekta halijawashwa.

TREKTA NALO LINA KAULI

Kipimo cha pili ni trekta. Si kila mwenye shamba dogo ana trekta lake. Wengi hukodi, au hutumia la ndugu au la chama cha ushirika. Hata hivyo fyekeo lazima lilingane na trekta litakalotumika, liwe la nani au la nani.

Nguvu zilizoandikwa ubavuni mwa trekta ni nguvu za injini. Zile zinazofika kwenye shafti ya nyuma, ambayo ndiyo inayozungusha visu, ni pungufu kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Trekta la nguvu farasi 50 huwa na 40 au zaidi kidogo pale nyuma. Kanuni ya wakulima wengi ni kwamba kila futi moja ya upana wa fyekeo jepesi ihesabiwe nguvu farasi 5 za shafti. Fyekeo la futi 6, yaani mita 1.8, lihesabiwe 30. Vichaka vikiwa vizito hesabu ipandishwe. Kwa hiyo trekta hilo la nguvu farasi 50 laweza kulimudu fyekeo la mita 1.8 la daraja jepesi au la kati. Likifungwa zito la upana huo huo katika kichaka kigumu, injini itaunguruma, moshi mweusi utatoka, na visu vitaacha kukata na kuanza kurarua.

Upana nao una hesabu yake ya pili. Fyekeo lifunike nyayo za magurudumu ya nyuma. Likiwa jembamba kuliko trekta, magurudumu yatalaza nyasi pembeni bila ya kukatwa, na dereva atalazimika kupita mara mbili. Likiwa pana mno katika shamba la mikorosho au minazi, litakwaruza magome ya miti yenyewe ambayo lilinunuliwa kuihifadhi.

Shafti ya nyuma pia haifanani katika matrekta yote. Iliyozoeleka huzunguka mara 540 kwa dakika na huwa na meno 6. Iko nyingine ya mizunguko 1,000, ambayo mara nyingi huwa na meno 21. Mnunuzi ayahesabu meno ya trekta lake kwa kidole kabla ya kuondoka nyumbani. Hilo ni jambo la dakika moja linaloweza kumwokoa na safari ya kurudi mjini. Vilevile urefu wa shafti ya kuunganishia upimwe fyekeo likiwa chini na likiwa limeinuliwa. Shafti ndefu kupita kiasi, fyekeo linapoinuliwa, husukuma kama mtaimbo na kupasua giaboksi siku ya kwanza ya kazi.

Mzigo unaoning'inia nyuma huyapunguzia magurudumu ya mbele uzito wake. Yasipobaki na angalau sehemu moja kwa tano ya uzito wa trekta, usukani hautii, na mlimani trekta laweza kuinua kichwa. Kwa hiyo penye fyekeo zito na trekta dogo, vyuma vya uzito vya mbele ni lazima, na bei yake iingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Tena, katika baadhi ya matrekta makuukuu visu vizito vinavyoendelea kuzunguka hulisukuma trekta mbele hata baada ya dereva kukanyaga klachi. Matrekta hayo yanahitaji kiungo maalumu cha kuachia shafti. Kifaa hicho ni kidogo, lakini bila yake ukuta au mti ndio utakaokuwa breki.

FUNDI AULIZWE KABLA YA MUUZAJI

Kipimo cha tatu ni fundi. Miaka ya 1970 na 1980 vijiji vingi viliona matrekta yakilala, na mengi hayakufa kwa uzee. Yalikosa kipuri ambacho fedha za kigeni za kukiagizia hazikuwapo. Leo maduka ya vipuri ni mengi kuliko wakati ule, lakini si kila kipuri kiko kila mahali, wala si kila kilicho dukani ni halisi. Kwa hiyo kabla ya kumsikiliza muuzaji, mnunuzi amwendee fundi wa tarafani kwake na kumuuliza: mashine ya namna gani umewahi kuifungua na kuirudisha ikafanya kazi?

Jibu la fundi litamsaidia kuchagua baina ya aina tatu zilizopo. Ya kwanza ina visu viwili au zaidi vinavyozunguka kwa ubapa chini ya bati. Visu hivyo hushikwa kwa pini kwenye sinia zito la chuma, ili vikigonga kisiki virudi nyuma badala ya kukatika. Aina hii ni ya bei nafuu na ni nyepesi kutengenezwa. Ya pili ina bomba refu lenye visu vidogo au nyundo nyingi zinazoning'inia. Hukata vizuri zaidi na haitupi mawe mbali sana, bali visu vyake ni vingi, huhitaji nguvu zaidi kwa kila futi ya upana, na bei yake ni kubwa. Ya tatu ina meno yanayokwenda huku na huku kama mkasi. Hiyo ni ya nyasi za mifugo. Mwenye vichaka asiiguse. Kwa shamba dogo lililo mbali na mji, aina ya kwanza ndiyo inayofaa mara nyingi, kwa sababu hitilafu zake nyingi hutibika kijijini kwa nyundo, mashine ya kuchomelea na akili.

Kila fyekeo lina kinga ya giaboksi, na hapo pia pana uchaguzi. Kinga moja ni bolti ya kukatika, iliyotengenezwa kwa makusudi iwe dhaifu. Visu vikigonga jiwe, bolti hukatika, giaboksi hupona. Nyingine ni klachi inayoteleza pale mzigo unapozidi. Klachi ni nzuri, lakini fyekeo likikaa nje masika yote hushikamana kwa kutu na kuacha kuteleza, nayo inapasa kulegezwa na kurekebishwa upya kabla ya msimu. Bolti ni rahisi, ila dereva aliyechoka kuibadilisha huweka bolti ngumu iliyookotwa gereji. Siku hiyo anajiona hodari. Kisiki kinachofuata humfundisha kwamba ameokoa shilingi mia chache na kuvunja giaboksi ya mamilioni.

Wako wanaodhani kwamba ushauri wa namna hii lazima ununuliwe. Sivyo. Taifa lina vyombo vyake. CAMARTEC ya Arusha iliundwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi mikoani. Ofisa ugani yuko katika kata. Mtumishi wa umma anayefanya kazi mlango wa tatu kutoka ofisi ya kilimo, kisha akanunua mashine kwa kusikiliza tarumbeta la mnada, hana wa kumlaumu.

VISU HAVITAZAMI USONI

Kipimo cha nne kingeweza kuwekwa cha kwanza, nacho ni usalama wa watu. Ncha ya kisu cha fyekeo hukimbia mita 70 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Jiwe au kipande cha waya kikipigwa na ncha hiyo huweza kurushwa hata mita 100. Shafti ya mizunguko 540 kwa dakika huzunguka mara 9 katika sekunde moja. Ncha ya kanga au mkono wa shati ukinaswa, sekunde moja tayari ni kuchelewa.

Sasa ikumbukwe hali ya shamba la kijijini. Trekta likianza kunguruma, watoto huja mbio kutazama. Wengine hulifuata nyuma. Wengine huomba kupanda. Mama aliyebeba maji hukatisha shambani kwa sababu njia yake ya siku zote ndiyo hiyo. Kwa hiyo fyekeo lisilo na minyororo au mapazia ya kuzuia mawe mbele na nyuma lisinunuliwe, hata kama bei yake inapendeza. Shafti isiyo na kifuniko isifungwe kwenye trekta. Abiria asipandishwe. Majirani wapewe habari tangu jana yake, na waya na mawe yaondolewe kwa kutembea kwa miguu kabla ya trekta kuingia. Na dereva asiingize mkono chini ya bati mpaka injini imezimwa, fyekeo limewekewa gogo la kulizuia lisishuke, na visu vimesimama kabisa. Maana huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya nguvu kukatwa.

Hili lawahusu walimu kwa namna ya pekee. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotolewa mwaka 1967, shule nyingi zimekuwa na mashamba, na wanafunzi wameshika mafyekeo ya mkono vizazi kwa vizazi. Ikiwa shule itapata msaada wa fyekeo la trekta, hilo ni jambo la kushukuru. Lakini zamu ya kufyeka kwa mkono na zamu ya kufyeka kwa trekta zisiwekwe katika uwanja mmoja kwa saa moja. Trekta lifanye kazi wanafunzi wakiwa darasani, au wakiwa wamekwenda makwao.

KUMILIKI AU KUSHIRIKIANA

Baki swali la mwisho, ambalo wengi hawapendi kuulizwa. Je, mwenye ekari 12 anahitaji kuwa na fyekeo lake peke yake?

Hesabu ifanywe. Fyekeo la mita 1.8 likienda kilomita 4 kwa saa, baada ya kutoa muda wa kugeuka na kuzibua, hufyeka ekari 1.4 hivi kwa saa. Ekari 12 zitamalizika kwa saa 9, yaani siku moja ndefu au mbili za wastani. Shamba likifyekwa mara mbili kwa mwaka, mashine itafanya kazi siku 4. Siku 361 zinazobaki itakuwa imekaa, ikitafuna mtaji na kutafunwa na kutu. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili ambaye angeajiri mtu kwa masharti ya namna hiyo.

Lakini wenye mashamba 10 ya ukubwa huo, wakiungana kupitia chama chao cha msingi cha ushirika au SACCOS ya walimu, wataipa mashine ile ile kazi ya siku 40. Watamwajiri dereva mmoja anayeifahamu, badala ya kila mtu kumkabidhi kijana wa kuokoteza. Watakuwa na sanduku moja la bolti, grisi na visu vya akiba. Watakuwa na daftari linaloonyesha zamu, mafuta na matengenezo. Wakulima wa korosho wana sababu ya ziada, kwa kuwa chini ya mikorosho hapana budi pawe safi kabla ya korosho kuanza kuanguka, na anayechelewa kufyeka huokota chache na kuziachia nyasi zilizobaki.

Atatokea wa kusema kwamba mali ya wengi haina mwenyewe, na kwamba mashine ya ushirika hufa mapema. Hoja hiyo ina ushahidi, na hailetwi na wavivu peke yao. Mashine nyingi za pamoja zilikufa kweli. Lakini zikichunguzwa huonekana kwamba hazikuuawa na ushirika. Ziliuawa na ukosefu wa daftari, wa dereva mmoja mwenye dhamana, na wa akiba ya matengenezo. Haya ni mambo ambayo mwalimu na karani wanayajua kuliko mtu yeyote kijijini. Mtu aliyetunza rejesta ya wanafunzi kwa miaka 30 hashindwi kutunza rejesta ya fyekeo moja. Na pale ambapo umoja haujawezekana, kukodi ni bora kuliko kununua kwa fahari.

Atatokea na mwingine wa kusema kwamba mashine humnyang'anya kibarua riziki yake. Huyu naye asikilizwe. Ekari 12 za vichaka humpa kazi kibarua, ni kweli. Bali kila mwenye shamba anajua jinsi vibarua wanavyokuwa adimu wakati wa palizi, na jinsi pori linavyoshinda katika wiki hizo hizo. Mashine ikichukua kazi ya kufyeka nyasi, mkono wa mtu unabaki kwa kazi ambazo chuma hakiziwezi: kung'oa visiki, kupogolea, kuokota, kupanda. Muhimu ni kwamba kibarua huyo alipwe haki yake, na kijana mmoja katika kijiji afundishwe kuwa dereva na fundi wa mashine hiyo.

Wanakijiji hawasomi vitabu vya wataalamu wa zana. Humtazama mwalimu wao, bwana afya wao, karani wao aliyerudi nyumbani. Mtu huyo aliyesoma akinunua chuma kikubwa kwa kutamani na kikalala baada ya miezi mitatu, kijiji kizima hukata shauri kwamba mashine ni mchezo wa wenye fedha, na panga huendelea kutawala kwa kizazi kingine. Akipima pori lake, akahesabu meno ya shafti, akamuuliza fundi, akaungana na wenzake na kununua chombo cha kiasi kinachofanya kazi kila msimu, amefundisha somo kuliko alilowahi kuandika ubaoni.

Agosti 8 nyingine inakuja, na mashine zitapangwa tena zikiwa zimepakwa rangi mpya. Mwenye kishamba aende, atazame, aulize. Lakini aende na karatasi mfukoni: unene wa mashina yake, idadi ya ekari zake, nguvu za trekta, meno ya shafti, na jina la fundi. Na muuzaji akianza kusifu, aitoe karatasi hiyo, aisome kwa sauti, kisha anyamaze asubiri jibu.